Betri ya gari, jua la Mkomazi na deni langu kwa fundi

Haya jamani, nimerudi. Najua nimepotea wiki kadhaa, na wale mliokuwa mnauliza kama nimeacha kuandika humu au nimeoa kimyakimya, jibu ni hapana kwa yote mawili. Kazi za chumba cha habari zilinibana, halafu nilipopata siku nne za kupumzika nikaenda kupiga kambi Mkomazi na washikaji watatu. Ndiko nilikokutana na kisa cha leo.

Mkomazi, kwa msioijua, ni hifadhi ya taifa tangu 2008, iko kati ya milima ya Upare na mpaka wa Kenya, na geti lake la Zange haliko mbali na mji wa Same. Tulikwenda na Suzuki Escudo ya kuazima. Usiku wa pili tukiwa karibu na bwawa la Dindira, mmoja wetu (simtaji, anasoma hapa) aliacha kijokofu cha vinywaji kimechomekwa kwenye gari mpaka asubuhi, na laptop yake pia. Alfajiri nikageuza ufunguo. Tik. Tik. Kimya. Gari ni otomatiki, kwa hiyo habari ya kulisukuma ifute. Siku yenyewe Jumanne, hakuna gari jingine kambini la kutuboosti.

Katika mizigo kulikuwa na paneli ndogo ya sola ya wati 50 aliyokuja nayo yule tunayemwita Mhandisi, ingawa alisoma uhasibu. Kontrola yake aliisahau Dar. Alikuwa na paneli, nyaya mbili zilizochunwa ncha, na mita ndogo ya kupimia umeme. Mhandisi akataka kuunga moja kwa moja. Mwingine akasema tutaunguza kompyuta ya gari na mwenye gari atatuua. Ubishi ukaanza, na mimi ndiyo nikakumbuka kwamba tuko wilaya ya babu yangu, na kwamba Same kuna mtu mmoja anayejua jambo hili kuliko sisi wote. Tatizo ni kwamba mtu huyo nilikuwa na deni naye tangu nina miaka 12.

Nitarudi huko. Kwanza niwape historia, kwa sababu baada ya safari ile nilikwenda kusoma kwa siku kadhaa na nimekuta mambo ambayo hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia.

Betri ya gari ni kitu cha zamani kuliko gari lenyewe. Mfaransa Gaston Planté aliitengeneza mwaka 1859: karatasi mbili za madini ya risasi, akazikunja pamoja kama mkeka zisigusane, akazitumbukiza kwenye tindikali. Ndiyo ilikuwa betri ya kwanza ambayo ikiisha unaichaji tena. Mwaka 1881 Mfaransa mwingine, Camille Faure, akaiboresha kwa kupaka sahani zile uji wa risasi ili zibebe umeme mwingi zaidi. Ukifungua betri kuukuu leo pale Gerezani au Kariakoo bado utamkuta Planté na Faure mle ndani.

Gari ilikuja kuihitaji hasa mwaka 1912, Cadillac walipoanza kuuza magari yenye stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering. Kabla ya hapo uliwasha injini kwa kuzungusha hendeli mbele, na hendeli ikirudi nyuma ghafla inavunja mkono. Shikeni neno hili stata, kwa sababu ndilo lililoamua umbo la betri ya gari: sahani nyingi nyembamba, ili itoe umeme mwingi kwa sekunde mbili tatu halafu alteneta irudishe kilichotoka. Ni mkimbiaji wa mita mia. Haikutengenezwa ikeshe na mtu.

Upande wa jua nao ulianza mapema kuliko nilivyodhani. Edmond Becquerel aligundua mwaka 1839, akiwa na miaka 19, kwamba mwanga unaweza kuzalisha umeme. Mwaka 1883 Charles Fritts wa New York alitengeneza seli za seleniamu zilizofunikwa kwa dhahabu nyembamba, lakini zilikuwa zinageuza kama asilimia moja tu ya mwanga kuwa umeme. Kitu cha maonyesho, basi.

Sasa hapa ndipo niliposimama nikarudia kusoma. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, maabara ya Bell huko Marekani ilikuwa na tatizo la simu. Mitambo yao ya sehemu za joto na unyevunyevu, mbali na gridi, ilitegemea betri kavu, na betri kavu katika hali ya hewa ya namna hiyo zilikuwa zinaoza upesi. Daryl Chapin alipewa kazi ya kutafuta umeme mbadala. Akaungana na Calvin Fuller na Gerald Pearson, wakatumia silikoni badala ya seleniamu, na Aprili 25, 1954 wakaonyesha hadharani seli iliyofikisha asilimia 6 hivi. Yaani seli ya jua ya kisasa ilianza kwa mtu kuwaza namna ya kupata umeme kwenye nchi za joto. Nchi kama hizi zetu. Halafu sisi wenyewe tukasubiri miaka 30.

Tulisubiri kwa sababu ya bei. Chapin mwenyewe alipiga hesabu mwaka 1956 kwamba wati moja ingegharimu dola 286. Aliyekuwa na uwezo wa kulipa bei hiyo ni serikali inayorusha vyombo angani. Machi 17, 1958 Marekani ilirusha setilaiti ya Vanguard 1, ina betri ya kawaida na seli chache za jua. Betri ilikufa baada ya wiki chache. Seli za jua ziliendelea kurusha mawimbi mpaka 1964, na setilaiti yenyewe bado inazunguka huko juu mpaka leo, kimya. Baada ya hapo hakuna aliyebisha tena.

Walioishusha sola kutoka angani ni watu ambao usingewadhania: kampuni za mafuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Elliot Berman, akiungwa mkono na Exxon, alitafuta namna ya kutengeneza seli za bei rahisi kwa kutumia silikoni isiyo safi sana na makasha ya kawaida, akashusha bei kutoka kama dola 100 kwa wati mpaka kama dola 20. Wateja wake wakubwa wa mwanzo walikuwa majukwaa ya kuchimba mafuta baharini, Ghuba ya Mexico, yaliyohitaji taa na honi za kuonya meli. Mwanga wa jua mchana, betri usiku. Afrika nayo ikaanza kuonja: mwaka 1977 padri mmoja huko Mali, Bernard Verspieren, alianza kufunga pampu za maji za sola wakati wa ukame wa Saheli.

Na sasa lile lililonifurahisha kuliko yote. Chukua paneli yoyote ndogo ya zamani, zile za mapaa ya nyasi na mabati, uhesabu seli zake. Mara nyingi utakuta 36. Kwa nini 36 na si 30 au 50? Kwa sababu ya betri ya gari! Betri ya risasi ina vyumba sita vya volti 2, jumla 12, na ili ijae unahitaji kuisukuma mpaka volti 14.4 hivi. Seli moja ya silikoni inatoa kama nusu volti ikiwa kazini. Jua kali linaipasha moto na kuipunguzia nguvu, waya nao unakula kidogo, na dayodi inayozuia umeme kurudi usiku inachukua chake. Ukijumlisha hayo yote unahitaji seli 36 zinazotoa volti 17 au 18 zikifanya kazi, na 21 hivi zikiwa hazijaungwa popote. Waliopima ile nguo walimpimia betri ya volti 12. Na volti 12 zenyewe zilitokana na magari, kwani ni katikati ya miaka ya 1950 watengenezaji wengi walipohama kutoka volti 6, injini zilipokuwa kubwa na ngumu kuwasha.

Kwa hiyo mzee wa kijijini aliyeunga paneli kwenye betri ya Leyland hakuwa anaharibu utaalamu wa watu. Vitu vile viwili vilikuwa vimeshaposwa kabla hajavinunua.

Kwa Afrika Mashariki hadithi inaanzia Kenya, mkoa wa Mlima Kenya. Kabla ya sola kulikuwa tayari na betri za magari majumbani, zikiendesha redio na televisheni ndogo za rangi nyeusi na nyeupe, zikipelekwa mjini kuchajiwa. Katikati ya miaka ya 1980 mhandisi Mmarekani Harold Burris, pamoja na Mark Hankins aliyekuwa mwalimu wa kujitolea, walifunga sola kwenye shule ya Karamugi, Meru, na baadaye wakafundisha mafundi wa umeme wa huko huko. Walimu wa zile shule wakaona, wakataka na kwao. Wakulima wa kahawa na chai wakafuata. Kuanzia hapo biashara ilijiendesha yenyewe, duka kwa duka, bila kusubiri mradi wa mtu. Wengi walinunua paneli ya wati 12 au 14 kwanza, betri walikuwa nayo, na kontrola wakairuka kwa kuwa ni hela ya ziada. Mhandisi wetu wa Dindira ana ukoo mrefu.

Huku kwetu televisheni Bara ilianza mwaka 1994 kwa vituo binafsi, na ndiyo iliyozipa betri kazi mpya. Babu yangu alikuwa nayo kwenye kijiji kimoja cha tambarare huko Same. Betri ya ampea 70, iliyotoka kwenye lori. Televisheni ya inchi 14. Kila baada ya wiki mbili betri ilifungwa kwa mpira nyuma ya baiskeli, inakwenda Same mjini kwa fundi, inalala huko, inarudi. Ndugu zangu wa mjini mnaosema umeme ni bei ghali, jaribuni kusafirisha umeme kwa baiskeli.

Julai 2, 2010. Ghana na Uruguay, robo fainali ya Kombe la Dunia, mechi inaanza saa tatu na nusu usiku. Uwanja mzima wa babu umejaa, kuna watu juu ya mwembe. Mchana wa siku ile babu akiwa shambani, mimi niliwasha televisheni nikaangalia Bongo Fleva na katuni kama saa tatu hivi, nikazima, nikafunika kitambaa kama nilivyokikuta. Usiku Muntari akafunga kabla ya mapumziko, watu wakashuka mwembeni kwa kuruka. Forlán akasawazisha. Dakika 90 zikaisha, na dakika za nyongeza zilipoanza picha ikaanza kusinyaa kutoka pembeni, kama mnavyojua televisheni zile zilivyofanya betri ikiisha, ikabaki kipande cha katikati, ikabaki mstari, ikazima. Kwa hiyo mkono wa Suárez sikuuona. Penalti ya Gyan sikuiona. Kijiji kizima hakikuiona. Tulikuja kuambiwa asubuhi na mwenye bodaboda.

Babu hakuniuliza mimi. Alipanda baiskeli mpaka Same, akamwita fundi mwizi mbele ya watu stendi, kwamba amechukua hela ya chaji na kurudisha betri tupu. Aliporudi kijijini akatangaza, na wengi wakahamisha betri zao kwa fundi mwingine. Nilikuwepo akisimulia. Sikusema neno. Babu alifariki 2016 na bado sikuwa nimesema.

Basi pale Dindira nikapanda kwenye kichuguu kutafuta mtandao, nikampigia shangazi, shangazi akanipa namba.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Nani mwenzangu?"

Nikajitaja, mjukuu wa mzee fulani. Akanyamaza kidogo. Nikamweleza shida ya gari kwanza, uoga tu. Akaniuliza paneli ya wati ngapi, betri ya maji au kavu, kisha akatoa maelekezo polepole, akinitaka nirudie kila hatua. Vueni vishikio vya gari kwenye betri, hasi kwanza, ili gari isiwe na habari na kinachoendelea na waya ukichomoka volti 21 zisiende kwenye kompyuta yake. Fungueni vifuniko vya betri, ina gesi, msivute sigara hapo. Chanya ya paneli kwa chanya ya betri, hasi kwa hasi, pimeni kwa mita kabla ya kuunga, msiamini rangi za waya. Paneli itazameni jua, msogeze kila saa. "Mngekuwa na kontrola mngeunga betri kwanza halafu paneli, maana kontrola inaijua kazi yake kwa kuiona betri. Sasa hamna. Kontrola ni nyie. Ikifika volti 14 na nusu toeni. Lakini leo hamfiki huko."

Hesabu ilikuwa rahisi. Wati 50 kwa volti 17 ni kama ampea 3, jua likiwa zuri. Stata inakula ampea nyingi mno lakini kwa sekunde mbili tu, kwa hiyo hatukuhitaji betri ijae, tulihitaji ipate pumzi. Tuliunga saa tatu asubuhi. Na hapo kabla sijakata simu nikamwambia habari ya mchana ule wa 2010.

Nilitegemea acheke au akasirike. Alipiga hesabu. Televisheni ile wati 15, alisema. Saa tatu mchana, saa mbili na nusu usiku, hiyo haifiki hata ampea 8 kwa saa. Betri ya 70 nzima isingezimika kwa hilo. "Betri ya mzee ilikuwa imekwisha. Sahani zimeota unga mweupe. Ni betri ya kuwasha lori, nyie mnaikamua mpaka tone la mwisho kila wiki mbili, ingedumu vipi? Nilimwambia anunue nyingine. Akaona nataka kumuuzia."

Nikahisi nimepona. Nikasema, kwa hiyo si kosa langu.

"Betri si kosa lako," akasema. "Ungesema, mzee asingekuja stendi kuniita mwizi bila kuniuliza. Angekuwa na mashaka kidogo."

Gari iliwaka saa saba na dakika ishirini. Katika zile saa nne nilikaa nikisogeza paneli na kufikiria kitu kingine: betri zile zote zilizokwisha zilikwenda wapi? Kila betri ina kilo kadhaa za risasi, na risasi ni sumu. Kule Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 kwa sababu ya mabaki ya betri za magari zilizokuwa zikivunjwa na kuyeyushwa mtaani kwao. Karibu zaidi na sisi, Owino Uhuru huko Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitia sumu mtaa mzima. Phyllis Omido, ambaye mtoto wake alikutwa na risasi kwenye damu, aliongoza mapambano mpaka mahakamani. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, amri ikatenguliwa mwaka 2023 na Mahakama ya Rufani, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Katika hadithi ya sola tunayopenda kusimulia, ya mtoto anayesoma chini ya taa safi, mtaa huu huwa hautajwi. Na umo, maana taa ile kwa miaka mingi ilikaa juu ya betri ya risasi.

Televisheni kama ya babu zilianza kupoteza kazi mitambo ya analojia ilipozimwa, kuanzia Dar es Salaam Desemba 31, 2012. Nguzo za REA zikafika kijijini baadaye. Sola za siku hizi zinakuja na betri zake ndogo za lithiamu, unalipa kidogo kidogo kwa simu, hakuna baiskeli.

Tulipotoka getini tulipitia stendi ya Same. Fundi amezeeka, ana kibanda cha sola na simu sasa. Nyuma ya kibanda kuna duara la ardhi ambapo alikuwa anamwaga tindikali zamani, na mpaka leo hapaoti kitu. Alinionyesha mwenyewe, bila kuulizwa. Nikampa mkono, akaushika muda mrefu.

Kisha akapima betri ya Escudo, akawasha taa za mbele, akapima tena, akatikisa kichwa. Akasema hii nayo imekwisha, itawasha leo na kesho, Korogwe inaweza isiwake. Mhandisi akanivuta pembeni na kuninong'oneza kwamba huyu mzee anataka kutuuzia betri.

Tukachanga, tukanunua. Ya zamani nikamwachia. Nilimuuliza anazipeleka wapi, akasema kuna watu wanakuja na Fuso kila mwisho wa mwezi, wanapima kwa kilo. Wanazipeleka wapi wao, hajui. Namba yao ya simu alinipa, na nimeshaanza kuipiga.